Ruta Inawaka, Intaneti Haipo: Kusaka Kosa Katika Nyumba ya Mawe, Lamu

Kosa la mtandao nyumbani hukaa katika kipande kimoja kati ya vinne: umeme unaoilisha ruta, laini inayoingia kutoka nje, njia ya kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta au simu, na mipangilio ya anwani na majina. Ukijua kosa liko kipande gani, mara nyingi unalimaliza kabla chai haijapoa. Usipojua, utakimbilia kile kitobo kidogo cha nyuma cha kuiseti upya (Reset), uchomeke sindano, na ruta isahau kila kitu: jina la mtandao, nenosiri, na pengine hata jina la mteja na nenosiri la PPPoE (njia ya ruta kujitambulisha kwa kampuni ya intaneti) ambavyo kampuni iliweka siku ya kufunga. Ulikuwa na tatizo moja, sasa unayo matatu. Kitobo hicho kiache hadi mwisho, na usikiguse kabla hujapiga picha ya ukurasa wa mipangilio ya laini.

Kwanza: kosa liko kipande gani?

Chukua kompyuta moja, iunganishe na ruta kwa kebo kama unayo, kisha fungua kidirisha cha amri. Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, bonyeza Enter. Jaribu amri hizi tatu kwa mfuatano:

ping 192.168.1.1
ping 8.8.8.8
ping wikipedia.org

Kila amri inauliza anwani fulani kama ipo na kungoja jibu. Ya kwanza ni anwani ya ruta yenyewe; ya pili ni ya kompyuta ya Google iliyo nje, kwenye intaneti. Si zote zinatumia 192.168.1.1; nyingine ni 192.168.0.1, 192.168.100.1 au 192.168.8.1, na iliyo sahihi imeandikwa kwenye kibandiko cha chini ya ruta. Ruta isipojibu, kosa liko ndani ya nyumba, kati ya kompyuta na ruta, na kuipigia kampuni ni kupoteza muda wa simu. Ruta ikijibu lakini 8.8.8.8 ikagoma, angalia laini ya nje. Zote mbili zikijibu ila wikipedia.org ikasema haijulikani, laini ni nzima. Kilichokufa ni DNS, yaani huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba.

Zote tatu zikijibu lakini polepole mno, uliza na jirani. Wakati mwingine kosa haliko Lamu kabisa. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota Kenya, Tanzania na nchi jirani. Siku kama hiyo hakuna cha kurekebisha nyumbani.

Ruta inazimika na kuwaka yenyewe, hasa jioni

Anza na adapta. Ruta nyingi za nyumbani hutumia volti 12 na ampea 1 hadi 2. Adapta iliyochoka hutoa volti 12 kamili ukiipima bila mzigo, kisha volti zinaanguka pale ruta inapohitaji nguvu zaidi, na jioni ndipo watu wote wa nyumba wako mtandaoni. Ruta inapoteza nguvu kwa nukta moja, inaanza upya, na taa zote zinapepesa kwa dakika mbili hivi. Watu huliita tatizo la mtandao, kumbe ni la umeme.

Ukinunua adapta nyingine, volti lazima ziwe zilezile zilizoandikwa kwenye ruta. Ampea zikiwa nyingi kuliko zinazohitajika, hakuna dhara, kwani ruta huchukua inachohitaji tu. Zikiwa pungufu, tatizo linarudi. Angalia pia alama ya ncha: ruta nyingi zina chanya katikati, na adapta iliyogeuzwa inaweza kuiua ruta mara ileile.

Stima ikikatika kisha ikarudi kwa kishindo, adapta ndiyo inayopokea pigo la kwanza. Kidude cha betri cha volti 12, kile kidogo kinachokaa kati ya adapta na ruta, kinatosha kuiendesha ruta kwa saa kadhaa na kinaizuia isizimike kila umeme unapoyumba. Radi zikianza, chomoa adapta ukutani. Kebo ya faiba haipitishi umeme, lakini adapta, na kebo yoyote ya shaba iliyopita juu ya paa kwenda nyumba ya pili, hupitisha.

Taa ya LOS ni nyekundu

Maana yake mwanga haufiki kwenye kisanduku cha faiba. Fuata ule uzi mwembamba kwa macho kutoka unapoingia. Ukiwa umekunjwa kwenye pembe ya ukuta, umebanwa na mlango au umefungwa fundo nyuma ya kabati, mwanga unatorokea pale kwenye mkunjo. Uachie mviringo ambao kipimo chake kutoka katikati hadi ukingo hakipungui sentimita 3. Angalia pia kama kichwa cha kijani kimesukumwa hadi kikalia. Usikifute kwa shati, na usichungulie ndani yake. Mwanga wake hauonekani kwa jicho lakini unaweza kulidhuru.

Ukiweza kuingia kwenye ukurasa wa kisanduku, tafuta nguvu ya mwanga unaopokelewa. Kati ya dBm -8 na -27 ni sawa. Ikikaribia -27 au kupita hapo, mtandao utakuwa unakatika na kurudi hata kama taa ni ya kijani, na hiyo ni kazi ya kampuni. Taa ya PON ikiendelea kupepesa bila kutulia huku LOS imezimika, mwanga unafika lakini kisanduku hakijasajiliwa upande wa kampuni.

Kwa ruta ya laini ya simu, kitu cha kwanza kuangalia ni bando. Likiwepo, tafuta kipimo cha RSRP, yaani nguvu ya mawimbi yanayofika kutoka mnarani, kwenye ukurasa wa ruta: juu ya -90 ni kizuri, chini ya -110 ni dhaifu. Ipeleke ruta ghorofani, kwenye dirisha linaloelekea mnara, halafu isogeze kidogo kidogo huku ukiangalia namba. Mtandao ukiwa mzuri alfajiri na mbovu saa mbili usiku bila RSRP kubadilika, mnara umeelemewa na watu, na kuhamisha ruta hakutasaidia.

Ukumbini Wi-Fi imejaa, chumba cha ndani hakuna kitu

Hili ndilo tatizo kubwa la Mji wa Kale, kuanzia Mkomani hadi Langoni, na ndilo linaloelezwa vibaya zaidi. Miongozo mingi imeandikwa kwa nyumba za kuta za mbao na jasi. Nyumba ya Lamu ina kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake unafika nusu mita hivi, na vyumba vimepangwa kimoja nyuma ya kingine: kutoka daka (baraza ya mlangoni), kupita kiwanda (ua wa ndani ulio wazi juu), hadi ndani kabisa. Mawimbi yanayotoka chumba cha mbele hukutana na ukuta wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kila mmoja unakula sehemu kubwa ya nguvu. Chokaa ikiwa imekunywa unyevu wa masika, hali inazidi kuwa mbaya.

Ruta yako ina masafa mawili. Ya GHz 5 yana kasi lakini yanachoka upesi ukutani. Ya GHz 2.4 ni ya polepole lakini yanapenya mbali zaidi. Simu ikionyesha mistari miwili ya Wi-Fi na video inagoma kwenye chumba cha ndani, huenda imeng'ang'ania GHz 5. Yatenganishe majina, mfano NyumbaYetu na NyumbaYetu5, kisha vifaa vya vyumba vya nyuma uviunganishe na la GHz 2.4.

Halafu angalia ruta imewekwa wapi. Ndani ya kidaka cha ukutani inapendeza, lakini hapo imezungukwa na jiwe pande tano na imebaki na mdomo mmoja tu. Nyuma ya televisheni, karibu na friji au chini ya tangi la maji ni vilevile: chuma huyarudisha mawimbi, maji huyameza. Mahali bora pa nyumba ya aina hii ni ukingo wa kiwanda, juu kidogo ya kimo cha mtu, penye kivuli na pasipofikiwa na mvua. Kiwanda kiko wazi, na milango ya vyumba vingi inakitazama. Mawimbi yanapita mlangoni badala ya kupigana na ukuta. Kuihamisha ruta kutoka chumba cha mbele hadi pale mara nyingi kunaleta nafuu kuliko kununua ruta mpya ya bei kubwa.

Nyumba yenye ghorofa mbili au tatu haitatosheka na ruta moja. Vile vifaa vya kuchomeka ukutani vinavyorudia mawimbi huuzwa kwa wingi, lakini kinachodaka mawimbi mabovu hurusha mabovu hayohayo, na kwa kawaida kasi inagawanyika karibu nusu. Kinachofaa ni kebo. Vuta kebo ya CAT6 kutoka kwenye ruta, ipandishe kwa njia ya kiwanda, iingize kwa dirisha la juu, na mwisho wake ufunge ruta ya pili. Kikomo cha kebo moja ni mita 100, na nyumba ya Lamu haifiki nusu ya hapo. Nunua ya shaba tupu, si ya alumini iliyopakwa shaba, ambayo hukatika ndani kwa ndani ikikunjwa. Kwa sehemu inayopigwa na jua, chukua yenye ganda jeusi la nje. Usitoboe ukuta wa zamani kama kuna dirisha. Mji huu umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na plasta ya chokaa ikishabanduka haizibiki vizuri kwa saruji.

Ruta ya pili haitakiwi kufanya kazi ya ruta. Kabla ya kuifunga, ingia kwenye ukurasa wake, ipe anwani isiyogongana na ya kwanza, kwa mfano 192.168.1.2, zima DHCP yake (huduma ya kuvigawia vifaa anwani), weka jina na nenosiri lilelile la Wi-Fi, kisha uchomeke kebo kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani), si la WAN (la laini ya nje). Ukisahau kuzima DHCP, nyumba inakuwa na wagawaji wawili wa anwani: simu moja inapata anwani sahihi, ya pili inaelekezwa kwenye ruta isiyo na njia ya kutoka, na hakuna anayeelewa kwa nini yuleyule leo ana mtandao na kesho hana.

Nyumba zilizobanana, na zile zenye wikio (chumba kinachovuka juu ya njia kuunganisha nyumba mbili), zina shida nyingine: Wi-Fi za majirani zinaingiliana. Kwenye GHz 2.4, chaneli zisizogusana ni 1, 6 na 11 tu. Pakua programu ya kuchunguza Wi-Fi kwenye simu ya Android, angalia majirani wamejazana wapi, nawe uhamie iliyo na nafuu kati ya hizo tatu. Upana uweke MHz 20. Chaneli ya 3 au ya 8 inaonekana tupu, lakini ukikaa hapo unasumbuliwa na pande zote mbili.

Imeunganishwa, lakini haina intaneti

Andika ipconfig kwenye kile kidirisha cheusi. Anwani ikianza na 169.254, kompyuta iliomba anwani kwa ruta ikakosa jibu, ikajipa yenyewe. Andika ipconfig /release, kisha ipconfig /renew. Ikigoma, zima ruta, hesabu nusu dakika, iwashe.

Nyumba za wageni hupatwa na kitu kingine, hasa wakati wa Maulidi mji unapofurika. Ruta imepewa labda anwani 50 za kugawa, na kila anwani inakaa imeshikwa kwa saa 24 hata kama mgeni ameshapanda boti kwenda Mokowe asubuhi. Simu za siku hizi nazo hutumia kitambulisho cha kubuni, kwa hiyo ileile ikifutiwa mtandao na kujiunga tena inaweza kuhesabiwa kuwa mpya. Zikiisha, mgeni anayefuata anaona mistari yote ya Wi-Fi na hapati chochote. Panua safu iwe 192.168.1.50 hadi 192.168.1.250, na punguza muda wa kushika anwani uwe saa 2.

Kama kosa ni DNS, weka 1.1.1.1 na 8.8.8.8 kwenye mipangilio ya ruta. Na kama kila tovuti inalalamika kwamba si salama kwenye kompyuta moja tu, tazama tarehe ya kompyuta hiyo. Kompyuta ya zamani ambayo betri yake ndogo ya CR2032 imekufa hurudi nyuma miaka kila inapozimwa, na vyeti vya usalama vya tovuti zote vinaonekana batili.

Kebo imechomekwa, lakini kasi imekwama

Pwani, chumvi ndiyo adui. Upepo wa kusi unaibeba hadi ndani, inatua kwenye meno ya kichwa cha kebo, na shaba inaota kutu ya kijani. Dalili yake ya kawaida: kompyuta iliyokuwa ikiunganishwa kwa Mbps 1000 inaonyesha 100 kamili, haizidi. Kebo ina jozi nne za nyaya. Kasi ya 1000 inazihitaji zote, ya 100 inatumia mbili tu, kwa hiyo ikifa moja ya zile mbili nyingine mtandao unaendelea kufanya kazi kama kwamba hakuna kilichotokea.

Safisha meno kwa spiriti safi na mswaki laini, acha ikauke. Isiposaidia, kata sentimita 3 na ubane kichwa kipya kwa mpangilio wa T568B, kutoka kushoto meno yakikutazama: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Matundu ya ruta yasiyotumika yazibe kwa vizibo vya plastiki.

Kabla ya kulalamika kuhusu kasi, kumbuka kampuni huuza kwa megabiti na kompyuta huonyesha megabaiti. Laini ya Mbps 10 ikipakua megabaiti 1.2 kwa sekunde, umepata ulicholipia.

Nenosiri ni sahihi, lakini kifaa kinakataa

Kwanza kifanye kifaa kisahau mtandao, uunganishe upya. Kikikataa tena, angalia aina ya ulinzi. Ruta iliyowekwa WPA3 peke yake itazikataa kompyuta na simu za zamani. Chagua mchanganyiko wa WPA2 na WPA3. Kamera na vifaa vingi vya bei nafuu havioni GHz 5 kabisa. WEP (ulinzi wa zamani) na mtandao usio na nenosiri usivichague hata kwa siku moja.

Bando linaisha upesi, vifaa usivyovijua, kurasa zinakupeleka kwingine

Hapa inafaa kueleweka ruta inalinda nini. Vifaa vyote vya nyumbani vinatoka nje kwa anwani moja ya ruta, na ruta inaruhusu kuingia yale tu ambayo kifaa cha ndani kimeyaomba. Mtu wa nje anayebisha hodi bila kuitwa anakuta mlango umefungwa. Ila ruta haizuii faili mbovu uliyoipakua mwenyewe, na haizuii chochote dhidi ya mtu aliyeketi barazani na nenosiri lako la Wi-Fi.

Na nenosiri hilo, katika nyumba nyingi, ni namba ya simu ya mwenye nyumba. Hili ni kosa kubwa kuliko linavyoonekana. Anayenasa salamu za kwanza kati ya simu na ruta ya WPA2 anaondoka nazo, na anakwenda kubahatisha nyumbani kwake bila ruta kujua. Namba zinazoanza na 07 haziwezi kuzidi milioni 100, na kadi moja ya michoro yenye nguvu huzimaliza zote kwa dakika chache. Nenosiri la Wi-Fi linaruhusiwa herufi 8 hadi 63. Tumia maneno manne au matano yasiyohusiana, uliyoyachagua bila mpango, kwa mfano mlingoti-kijiko-sabini-pazia-ngamia. Huo mfano wenyewe usiutumie.

Zima WPS, ile njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au PIN badala ya nenosiri. PIN yake ina tarakimu 8, lakini tangu 2011 inajulikana kwamba ruta huikagua kwa nusu mbili na tarakimu ya mwisho ni ya kuhakikisha tu, kwa hiyo majaribio 11,000 yanatosha badala ya milioni 100. Aliyeipata PIN anapewa nenosiri lako hata liwe refu namna gani.

Nenosiri la ukurasa wa ruta ni jingine kabisa, na likibaki admin lilivyotoka kiwandani, yeyote aliye kwenye Wi-Fi anaweza kuingia na kubadilisha DNS. Ndivyo unavyoandika anwani ya benki na kupelekwa kwenye ukurasa wa kughushi. Linganisha DNS iliyomo na uliyoiweka. Zima usimamizi kutoka nje, na uzime UPnP, ambayo huruhusu vifaa vya ndani kufungua milango bila kukuuliza.

Ukishuku kwamba ruta imeingiliwa, kuizima na kuiwasha hakutoshi. Mwaka 2018 programu hasidi ya VPNFilter ilipatikana kwenye ruta na vifaa vya kuhifadhia data visivyopungua 500,000 duniani, na sehemu yake ya kwanza ilibaki hata baada ya kuwashwa upya. Hapa ndipo kitobo cha nyuma kinapopata kazi. Chomoa laini ya nje kwanza. Bonyeza sekunde 10 hadi 15, subiri iwake, ingia kwa kebo, badilisha nenosiri la ukurasa, weka la Wi-Fi jipya, zima WPS, sakinisha toleo jipya la programu ya ruta ulilolipakua kutoka kwa mtengenezaji, ndipo urudishe laini. Ruta ambayo mtengenezaji ameacha kuitolea masasisho, itoe kazini.

Wageni na wapangaji wape mtandao wa wageni, uliotengwa na kompyuta, printa na kinasa cha kamera zako. Mpangaji akihama, badilisha nenosiri la mtandao huo siku ileile.

Kabla ya kumpigia fundi

Andika karatasini: rangi na hali ya kila taa, matokeo ya zile amri tatu, nguvu ya mwanga au RSRP, saa tatizo lilipoanza, na kama linatokea kwa kebo au kwa Wi-Fi tu. Ukisema "mtandao haupo", utaambiwa zima na uwashe. Ukisema LOS ni nyekundu tangu saa nne asubuhi na faiba haijakunjwa popote, fundi anajua aje na kifaa gani, na kama anavuka kutoka bara hatalazimika kurudi kukifuata.